Maswali ya Waamini Kuhusu Afya ya Tendo la Ndoa: Lipi la Mwenzi, Lipi la Tabibu, Lipi la Padre



Katika semina za wanandoa na mafundisho ya wachumba, wakati wa maswali ukifika, ukumbi hunyamaza. Lakini vikaratasi visivyo na majina vikigawiwa, kikapu hujaa. Maswali yaliyomo hufanana kutoka parokia moja hadi nyingine, na mengi yamebebwa kimya kwa miaka. Makala haya yanayajibu yale yanayoulizwa mara nyingi zaidi, kwa kufuata Mafundisho ya Kanisa pamoja na yale ambayo elimu ya tiba imekwisha kuyathibitisha.

Kabla ya majibu, msomaji na ashike jambo moja. Maswali ya mwili na ndoa yana milango mitatu ya kubisha: mwenzi, tabibu na padre. Jambo la wawili huanza kuzungumzwa na wawili. Maumivu na maradhi hupelekwa kwa tabibu. Dhambi hupelekwa kitubioni. Madhara mengi hutokea pale mlango unapokosewa: mke anaungama ugonjwa kana kwamba ametenda kosa, mume ananunua dawa ya jambo linalohitaji toba, au wawili wanatangaza kwa ndugu na majirani neno ambalo hawajawahi kuambiana wenyewe. Ugonjwa si dhambi, na dhambi haiponi kwa vidonge.

Je, tendo la ndoa linamzuia mwamini kupokea Ekaristi Takatifu?

Hapana. Wapo wanandoa wanaojinyima Komunyo siku ya Dominika kwa sababu tu walikutana kimwili usiku wa kuamkia siku hiyo, na wapo wanaokwenda kuliungama jambo hilo. Kanisa halifundishi hivyo. Mtaguso wa Pili wa Vatikano, katika hati Gaudium et spes namba 49, unayatambua matendo ya upendo wa wanandoa kuwa mema na yenye heshima. Katekisimu ya Kanisa Katoliki, namba 2362, inafundisha kwamba furaha wanayoionja wanandoa katika tendo hilo imetoka kwa Muumba mwenyewe, nao hawatendi ovu kwa kuitafuta. Tena, kadiri ya kanuni ya 1061 ya Sheria za Kanisa, ndoa ya wabatizwa huhesabiwa kuwa imekamilishwa kwa tendo hilo. Kinachoikamilisha sakramenti moja hakiwezi kuwa najisi inayozuia nyingine.

Kinachodaiwa kwa anayekwenda kukomunika ni hali ya neema na mfungo wa saa moja, usiovunjwa na maji wala dawa (kanuni ya 919). Wanandoa wakikubaliana kujizuia kwa muda ili wasali, kama Mtume Paulo anavyoruhusu katika 1 Wakorintho 7:5, wanafanya vema. Hata hivyo, hiyo ni hiari yao wawili, si sharti.

Je, kuna idadi iliyowekwa? Na je, mwenzi anaweza kukataa?

Kanisa halijaweka idadi, wala matabibu hawana kipimo cha wiki au mwezi kinachowafaa watu wote. Umri, kazi, afya na malezi ya watoto hubadilisha mambo. Kipimo ni makubaliano ya wawili.

Mtume Paulo anafundisha kwamba mume na mke wana wajibu wa haki kila mmoja kwa mwenzake, wala wasinyimane isipokuwa kwa kupatana. Baadhi ya waume wameichukua nusu ya fundisho hilo na kuiacha nusu ya pili, inayompa mke haki ileile juu ya mwili wa mume. Mtakatifu Paulo VI, katika waraka Humanae Vitae namba 13, anaeleza kwamba tendo analolazimishwa mwenzi bila kujali hali yake na matakwa yake halali si tendo la kweli la upendo, bali linapingana na maadili ya ndoa. Papa Fransisko alilirudia fundisho hilo mwaka 2016 katika Amoris Laetitia namba 154. Kwa hiyo kumlazimisha mke aliyechoka, aliye mgonjwa au asiyetaka si kudai haki ya ndoa, ni kumdhulumu.

Baada ya kujifungua, mama anahitaji kupona. Wahudumu wa afya hushauri kwa kawaida kusubiri hadi damu ya uzazi ikatike na majeraha yafunge, muda unaokaribia wiki 6. Waliojifungua kwa upasuaji au waliochanika wanaweza kuhitaji muda mrefu zaidi. Kwa upande mwingine, kumnyima mwenzi kwa miezi mingi kama adhabu, bila neno wala sababu, nako kunaijeruhi ndoa. Hili ni la mlango wa kwanza: lizungumzwe na wawili, mchana, si wakati wa ugomvi kitandani.

Tendo linaniletea maumivu. Je, nivumilie kama msalaba wangu?

Usivumilie kimya. Maumivu ni taarifa ya mwili, na mara nyingi yana chanzo kinachotibika: maambukizi ya uke au ya nyonga, uvimbe katika kizazi, kovu la kujifungua, kovu la ukeketaji, au ukavu unaotokana na kunyonyesha. Wakati mwingine hofu au kumbukumbu ya kudhulumiwa huifanya misuli ikaze yenyewe, bila mwanamke kukusudia. Mume naye anaweza kuwa na maumivu kutokana na maambukizi au govi lililobana.

Damu inayotoka baada ya tendo la ndoa, au nje ya siku za hedhi, isisubirishwe. Inaweza kuwa dalili ya saratani ya mlango wa kizazi, ambayo nchini Tanzania ndiyo saratani inayoongoza kwa wanawake. Saratani hii huchukua miaka kujitengeneza. Ndiyo maana uchunguzi wa mapema huokoa maisha. Shirika la Afya Duniani linashauri wanawake waanze kuchunguzwa wakiwa na umri wa miaka 30, na wanaoishi na virusi vya UKIMWI waanze wakiwa na miaka 25, hata kama hawajisikii maumivu yoyote.

Nguvu za mume wangu zimepungua. Je, amenichoka, au amerogwa?

Kwa kawaida si hilo wala lile. Upungufu wa nguvu za kiume unaodumu mara nyingi huhusiana na kisukari, shinikizo la damu, magonjwa ya mishipa ya damu, uvutaji wa sigara, ulevi, huzuni nzito, au baadhi ya dawa anazotumia mgonjwa. Mishipa inayopeleka damu kwenye uume ni myembamba, hivyo hali hii inaweza kuwa onyo la awali la ugonjwa wa moyo. Anayekwenda kupimwa kwa sababu hii huenda akagundua mapema kisukari ambacho kingemwumiza baadaye.

Hatari iko kwenye njia ya mkato. Dawa kama sildenafil zikitumiwa pamoja na dawa za moyo za jamii ya naitreti hushusha shinikizo la damu kiasi cha kuua. Mamlaka za dawa katika nchi mbalimbali zimewahi kukuta bidhaa zinazouzwa kwa jina la mitishamba zikiwa zimechanganywa kwa siri na dawa za aina hiyo. Anayezimeza hajui anakunywa nini wala kwa kiasi gani.

Kuhusu uhalali wa ndoa, kanuni ya 1084 inasema kwamba kutoweza kulitenda tendo la ndoa, kulikokuwapo kabla ya kufunga ndoa na kusikotibika, kunaibatilisha ndoa. Udhaifu uliozuka baada ya harusi hauigusi ndoa hata kidogo. Mume aliyepatwa na hali hiyo bado ni mume kamili, na viapo vya siku ya ndoa, katika shida na magonjwa, vilikusudiwa nyakati kama hizo.

Tumepimwa na kukutwa na maambukizi. Je, ni ushahidi kwamba mwenzangu amezini?

Swali hili limevunja ndoa ambazo hazikustahili kuvunjika. Jibu hutegemea ni maambukizi gani.

Maambukizi ya njia ya mkojo, ambayo wengi huyaita U.T.I., kwa kawaida husababishwa na bakteria wanaoishi katika utumbo. Wanawake huyapata zaidi kwa sababu njia yao ya mkojo ni fupi. Fangasi wa ukeni huweza kuongezeka baada ya kutumia dawa za kuua bakteria, wakati wa ujauzito, au kwa mwenye kisukari. Haya mawili si ushahidi wa uzinzi.

Kisonono, kaswende, klamidia na trikomona huambukizwa kwa kujamiiana. Hata hivyo klamidia na trikomona huweza kukaa mwilini kwa muda mrefu bila dalili, na kirusi cha HPV kinachosababisha saratani ya mlango wa kizazi huweza kukaa miaka mingi. Maambukizi yanayogunduliwa leo yanaweza kuwa yalikuwapo kabla ya ndoa. Karatasi ya maabara inataja ugonjwa. Haitaji tarehe wala mtu.

Kwa hiyo kwanza mwulize tabibu ni ugonjwa gani na huambukizwaje. Pili, mtibiwe wote wawili kwa wakati mmoja, mkijizuia hadi tabibu aseme matibabu yamekamilika. Mmoja akitibiwa peke yake, ugonjwa hurudi. Tatu, aliyetenda dhambi asijifiche nyuma ya mashaka haya. Kuungama kunaleta msamaha wa Mungu, lakini hakumwondolei mtu wajibu wa kumlinda mwenzi wake asiugue. Amri ya tano inadai hivyo. Kaswende isiyotibiwa kwa mjamzito inaweza kumuua mtoto tumboni.

Mmoja wetu ana virusi vya UKIMWI. Je, ndoa yetu imekwisha?

Haijakwisha. Mtu anayetumia dawa za kufubaza virusi kila siku kama alivyoelekezwa, na ambaye kipimo cha wingi wa virusi kinaonyesha kwamba virusi havigunduliki, hamwambukizi mwenzi wake kwa njia ya kujamiiana. Kufikia hali hiyo huchukua miezi kadhaa ya dawa, na kuidumisha kunahitaji kutozikatisha pamoja na kupima kama kliniki inavyopanga. Wazazi wanaofuata matibabu wanaweza pia kupata mtoto asiye na maambukizi. Matumizi ya kondomu katika ndoa za namna hii yamejadiliwa sana na wanateolojia wa maadili. Wanandoa wasilibebe swali hilo peke yao, bali wamweleze tabibu na padre hali yao yote, bila kuficha kitu.

Kwa wachumba, virusi vya UKIMWI si kizuizi cha ndoa katika Sheria za Kanisa. Kizuri ni kupima pamoja na kuambiana ukweli kabla ya siku ya harusi. Kuficha kwa hila jambo linaloweza kuyavuruga sana maisha ya ndoa, ili kupata ridhaa ya mwenzi, kunaweza kuibatilisha ndoa yenyewe (kanuni ya 1098).

Miaka inapita bila mtoto. Tufanye nini?

Matabibu husema kuna tatizo la uzazi pale wawili wanapokutana mara kwa mara kwa miezi 12 bila kinga na mimba isitunge. Mwaka 2023 Shirika la Afya Duniani lilieleza kwamba takriban mtu mmoja kati ya sita duniani hukutana na tatizo hilo katika maisha yake. Chanzo kinaweza kuwa kwa mke, kwa mume au kwa wote wawili. Kwa hiyo kumpeleka mke peke yake hospitali, huku mume akikataa kupima mbegu, ni kupoteza muda na kumwonea mtu.

Utasa haubatilishi ndoa, wala si sababu ya kuleta mke wa pili. Kanisa linakubali matibabu yanayolisaidia tendo la ndoa lifikie lengo lake: kuzibua mirija, kutibu maambukizi, kurekebisha homoni, kufanya upasuaji. Halikubali mbinu zinazochukua nafasi ya tendo hilo, kama utungishaji wa mimba nje ya mwili, kama ilivyofafanuliwa katika hati Donum Vitae ya mwaka 1987. Hadhi ya mtoto aliyezaliwa kwa njia hizo haipungui hata chembe. Ni mtoto wa Mungu kama wengine, naye apokewe kwa upendo.

Je, mpango wa uzazi kwa njia ya asili unafanya kazi?

Unafanya kazi ukifundishwa vizuri na kufuatwa na wawili. Wengi walioshindwa walihesabu siku tu. Yai hupevuka takriban siku 14 kabla ya hedhi inayofuata, si lazima siku ya 14 baada ya hedhi iliyopita. Kwa hiyo mwenye mzunguko mrefu au unaobadilika hudanganywa na kalenda. Yai huishi saa zisizozidi 24, lakini mbegu za kiume huweza kuishi hadi siku 5. Njia za kuaminika zaidi huangalia dalili za mwili: ute unaovutika na kuteleza kama ute wa yai bichi, na joto la mwili linalopanda kidogo baada ya yai kupevuka. Mama anayenyonyesha maziwa yake pekee, usiku na mchana, ambaye hedhi haijarudi na mtoto hajatimiza miezi 6, ana kinga ya asili inayofikia asilimia 98. Sharti moja likikosekana, kinga hiyo haitegemewi tena.

Humanae Vitae namba 16 inawaruhusu wanandoa wenye sababu za kweli kutumia vipindi hivyo. Njia hii humdai mume kujizuia. Mume asiyekuwa tayari kwa hilo asimlaumu mke mimba inapotunga.

Nimeshindwa kuacha punyeto na picha za ngono. Je, nimejiharibu?

Hapa kuna mambo mawili yasiyopaswa kuchanganywa. Kwa upande wa mwili, hakuna uthibitisho wa kitabibu kwamba punyeto huleta upofu, wazimu au utasa. Wanaotisha watu hivyo mara nyingi wana dawa ya kuuza. Kwa upande wa roho, Kanisa linafundisha kwamba ni tendo lenye ubaya mzito, kwa kuwa linaitenga zawadi ya jinsia na kujitoa kwa mwenzi (Katekisimu 2352), na kwamba ponografia huwadhalilisha wanaoigizwa na wanaotazama (2354). Katekisimu inaongeza kwamba katika kupima hatia ya mtu ni lazima kuangalia ukomavu wake, nguvu ya mazoea na hali ya wasiwasi, mambo yanayoweza kuipunguza sana. Anayeanguka na kuinuka si mnafiki, anapigana.

Yapo mambo yanayosaidia: kumfuata muungamishi mmoja anayekufahamu, kuiacha simu nje ya chumba cha kulala, kuijua saa na upweke unaotangulia anguko, na kulala mapema. Ikiwa mazoea hayo yanaharibu kazi, ndoa au usingizi, tafuta pia mwanasaikolojia. Kumwona mtaalamu si kukosa imani.

Tumezeeka. Je, bado inafaa?

Inafaa. Ukomo wa hedhi hauondoi ndoa wala upendo. Kanisa halijawahi kufundisha kwamba tendo la ndoa huwa haramu uzazi unapokoma. Ukavu wa uke baada ya ukomo wa hedhi una tiba, na matatizo ya tezi dume yana uchunguzi wake. Wanandoa ambao mwili haujiwezi tena hubaki na lugha nyingine za upendo: mkono ulioshikwa, mgongo uliosuguliwa, sala ya pamoja kabla ya kulala.

Namna ya kubisha mlango

Kwa mwenzi, anza na lako kabla ya kumtaja yeye: “Mimi ninaumia” hufungua mazungumzo, “Wewe umebadilika” huyafunga. Kwa tabibu, taja tatizo limeanza lini, dawa zote unazotumia, za hospitali na za kienyeji, na mfike wote wawili inapowezekana. Una haki ya kuomba mhudumu wa jinsia yako, na mhudumu wa afya anawajibika kutunza siri. Kwa padre, sema lililo dhambi kwa maneno machache na ya wazi. Siri ya kitubio haivunjwi kwa sababu yoyote ile (kanuni ya 983).

Anayeona haya kuuliza akumbuke kwamba mwili ni kazi ya Mungu, na kwamba Neno alitwaa mwili huohuo akakaa kwetu. Kuutunza, na kusema ukweli juu yake mahali panapostahili, ni sehemu ya wito wa ndoa. Mwenye swali lililomlemea kwa muda mrefu asilale nalo tena wiki hii.